Mtoto Anayehara Asinyimwe Maji

(Hotuba ya mwalimu mbele ya familia za wakimbizi zinazoishi Kabuga, Kigali. Imeandikwa upya kwa ombi la kamati.)



Kamati iliniambia hivi: "Mwalimu, utuzungumzie afya ya nyumbani, lakini usitufanye wanafunzi wako." Nitajitahidi. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa shule ya msingi niliyesomea kazi hiyo katika chuo cha ualimu, na nimekulia kambini kama wengi wenu. Nitakayoyasema leo, mganga yeyote wa kituo cha afya anayajua. Mwenye shaka na aende akamwulize.

Ndugu zangu, kila mwaka tunapokutana tunawakumbuka watu wetu waliouawa. Tunawataja waliokufa katika kambi ya Mudende mwaka 1997, mwezi wa Agosti na tena mwezi wa Desemba. Hilo ni haki yao na ni wajibu wetu. Lakini tunao wafu wengine ambao hawana siku yao wala hawasomwi katika orodha yoyote. Ni watoto waliokufa kwa kuhara. Hakuna aliyewajia na panga wala bunduki. Walikufa mikononi mwa mama zao, ndani ya nyumba, na mara nyingi bidoni la maji lilikuwa pembeni.

Nimeomba nafasi hii niwazungumzie hao, kwa sababu vifo vyao vingi vingeweza kuzuilika. Na kwa sababu ugonjwa huo haujakwisha. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kuhara bado kunaua watoto zaidi ya 400,000 wenye umri chini ya miaka mitano kila mwaka duniani.

MDOGO WANGU

Mwaka 1998 nilikuwa na umri wa miaka minane, nasi tulikuwa Gihembe. Waliokuwepo wanaikumbuka baridi ya mlima ule, na upepo ulivyokuwa ukipigapiga mahema ya plastiki usiku. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ametimiza mwaka mmoja na miezi michache. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea kwa kushika ukuta.

Akaanza kuhara siku ya Jumatatu. Wakubwa wakaja kumtazama. Kwa nia njema kabisa wakamwambia mama: "Usimpe maji, yanapita tu. Punguza na ziwa. Tumbo likauke kwanza." Mama akatii, maana ndivyo naye alivyolelewa. Siku ya tatu macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Alikuwa akilia bila machozi. Mwingine akasema hizo ni ibyinyo, atafutwe mtu wa kuzitoa. Wakati huo wote mtoto alikuwa akilitazama bidoni. Mimi nilimwona, kwa kuwa nilikuwa nimewekwa nimwangalie wakati mama ameenda kutafuta kuni. Nilikuwa nimekatazwa kumpa maji, nami nilikuwa mtoto mtiifu.

Alikufa Alhamisi kabla ya kupambazuka. Zahanati ilikuwa karibu, hata mtoto angeweza kufika kwa miguu.

Nilimwomba mama ruhusa ya kulisimulia jambo hili mbele yenu. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Liseme, ili mwingine asifanye." Mama yuko hapa leo, amekaa kule nyuma. Hakumnyima mtoto wake maji kwa kukosa upendo. Alikuwa hajaambiwa.

KINACHOUA NI NINI?

Nimekuja na chupa hii ya plastiki. Nimeitoboa tundu dogo chini. Mnaona maji yanavyotoka. Sasa niambieni: nikitaka chupa hii isikauke, nifanye nini? Watoto pale mbele wamejibu vizuri: niongeze maji kwa juu. Hakuna mtoto aliyeniambia niache kuongeza maji ili tundu lipone. Lakini hivyo ndivyo tunavyomfanyia mtoto anayehara.

Mtoto anapohara anapoteza maji, na pamoja na maji anapoteza chumvi za mwili. Damu inakuwa nzito, moyo unahangaika, figo zinasimama. Mara nyingi kinachomwua ni huko kukauka, na mtoto mdogo anaweza kukauka katika muda wa saa chache. Kwa hiyo kumnyima maji ni kuusaidia ugonjwa.

MAMBO MAWILI YALIYOTOKEA

Nitawakumbusha historia mbili za wakimbizi, moja ya karibu na nyingine ya mbali.

Ya kwanza ni ya kwetu. Mwezi wa Julai 1994, baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda wakaingia Kivu ya Kaskazini katika siku chache. Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkano. Ilikuwa vigumu kuchimba choo, ilikuwa vigumu hata kuchimba kaburi. Watu wakajisaidia popote, wakachota maji ya Ziwa Kivu wakayanywa hivyo hivyo. Kipindupindu kikazuka, kisha kikafuata kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza tu walikufa watu wapatao 50,000. Kipindupindu hakimwulizi mtu historia yake. Kilichukua wazee na watoto wachanga pamoja na wengine wote.

Historia ya pili ni ya mwaka 1971. Kulikuwa na vita katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, na watu wapatao milioni 10 wakakimbilia India. Katika mji mdogo wa Bangaon, karibu na mpaka, kipindupindu kiliingia kambini. Hospitali ilikuwa imejaa, wagonjwa wamelala sakafuni. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, aliona kwamba maji ya kutundika kwenye mshipa yanakwisha. Akachukua uamuzi. Akachanganya maji, sukari ya glukosi, chumvi ya kawaida na magadi ya kuokea, akayajaza katika mapipa, akawaambia ndugu za wagonjwa wayachote kwa vikombe na kuwanywesha wenyewe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu wagonjwa 30 katika kila 100. Kwa wale walionyweshwa, vifo vilishuka hadi chini ya 4 katika kila 100.

Angalieni ni nani waliowanywesha wagonjwa. Walikuwa akina mama, akina dada, waume na watoto, wakimbizi kama sisi. Baadaye, kati ya mwaka 1980 na 1990, shirika la Bangladesh liitwalo BRAC lilituma walimu wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya maji hayo kwa chumvi na sukari guru ya jikoni. Walizifikia kaya zaidi ya milioni 12. Ikiwa wao waliweza kufika kwenye kaya milioni 12, sisi hatushindwi kufika kwenye nyua zetu za Kabuga.

NAMNA YA KUFANYA

Akina baba, msitoke nje kuvuta hewa sasa. Sehemu hii ni yenu pia.

Mtoto akianza kuhara, usingoje siku ya pili. Kuna pakiti tunayoiita SRO, na wengine wanaiita ORS. Soma imeandikwa ichanganywe na maji kiasi gani, maana pakiti hazilingani. Tumia maji safi ya kunywa, uimimine yote kwa mara moja, ukoroge. Usiigawe nusu leo na nusu kesho.

Kama pakiti haipo, tengeneza hivi wakati unaitafuta:

Maji safi lita moja.
Sukari vijiko vya chai 6, vilivyosawazishwa juu.
Chumvi nusu ya kijiko cha chai, nayo iliyosawazishwa.

Narudia, maana chumvi ikizidi ni hatari: sukari sita, chumvi nusu. Onja mwenyewe kabla ya kumpa mtoto. Yasizidi machozi kwa chumvi. Yakizidi, yamwage uanze upya.

Lita moja unaipimaje? Nimewauliza wengi hapa Kabuga wakanionyesha chupa kubwa ya Primus. Ndugu zangu, ile ni sentilita 72, haifiki lita. Ukiitumia, chumvi itakuwa nyingi. Tafuta chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa lita moja, uioshe, uiweke jikoni isitumike kwa kazi nyingine. Na kijiko kiwe cha chai, si kile cha kulia wali.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe kati ya robo na nusu ya kikombe kila baada ya choo cha majimaji. Wa miaka miwili hadi kumi apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Mpe kidogo kidogo, kwa kikombe na kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea taratibu zaidi. Maji yaliyochanganywa yafunikwe. Saa 24 zikipita, yamwage utengeneze mengine.

Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida. Anayekula aendelee kula. Uji wa SOSOMA, viazi vilivyopondwa, ndizi, yote yanafaa. Fanta na maji ya matunda yenye sukari nyingi yasitumiwe kama dawa, yanaweza kuzidisha kuhara.

Pia kuna vidonge vya zinki. Mtoto akipewa na mhudumu wa afya, avimeze siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Zinki hupunguza muda wa ugonjwa na humkinga mtoto kwa miezi inayofuata.

MAMBO YA KUACHA

Sitaki kuwavunjia heshima wazee. Yako mengi mazuri tuliyoyapata kwao. Lakini haya matatu tuyaache.

La kwanza ni kumkausha mtoto. Nimekwisha lisema.

La pili ni kumtoa mtoto ibyinyo, ambazo Tanzania huziita meno ya plastiki. Anayekuja na kisu au sindano ya baiskeli anachokoa ufizi na kutoa jino changa ambalo halijaota. Jino hilo si ugonjwa. Mtoto anatoka damu, anaingiwa na vijidudu, anaweza kupata pepopunda, na kuhara kunaendelea pale pale. Kukata kilimi ni vivyo hivyo. Na kumwingiza dawa za miti kwa njia ya nyuma kunamkausha zaidi.

La tatu ni kununua antibiotiki za kukisia dukani. Kuhara kwingi kwa watoto hakuhitaji dawa hizo. Kuhara damu kunazihitaji, lakini ni mganga anayechagua ipi na kwa siku ngapi.

WAKATI WA KUKIMBIA KITUONI

Usingoje ukiona hata moja kati ya dalili hizi: mtoto amelegea au haamki vizuri, macho yamezama, au utosi wa mchanga umebonyea, analia bila machozi, hakojoi kwa saa nyingi, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, anatapika kila kitu au hawezi kunywa, kuna damu katika choo, ana homa kali, au kuhara kumepita siku 14. Na mtu yeyote, hata mzee, akitoa choo kama maji ya mchele mfululizo, apelekwe saa ile ile, na njiani aendelee kunyweshwa. Mtoto wa chini ya miezi sita apelekwe mapema kuliko wengine.

Hapa Rwanda kila umudugudu una abajyanama b'ubuzima, yaani wahudumu wa afya wa jamii. Wamefundishwa kumtibu mtoto wa chini ya miaka mitano anayehara, kwa SRO na zinki, na kumtuma kituoni akizidiwa. Jirani, je, unajua mlango wake? Kama hujui, uulize leo kabla hujarudi nyumbani. Wengine wanaona haya kwa sababu Kinyarwanda chao ni cha kukwama. Nendeni hata na mtoto wa shule awasemee. Mwaka 2019 serikali na UNHCR walikubaliana kuwaingiza wakimbizi wa mijini katika mutuelle de santé. Hakikisha karatasi zako zinasomeka vizuri kabla mtoto hajaugua, kwa maana usiku wa ugonjwa si wakati wa kutafuta karatasi. Na chanjo ya rotavirusi, inayozuia aina moja kali ya kuhara, inatolewa nchini hapa tangu mwaka 2012. Mtoto asiikose.

TUZUIE UGONJWA USIINGIE

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Katika nyua zetu za kupanga, familia tano au sita zinatumia choo kimoja. Mmoja akichafua, wote wameugua. Kwa hiyo jambo hili hatuwezi kulifanya kila mtu peke yake.

Mikono. Ioshwe kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, na kabla ya kumlisha mtoto. Sabuni inapunguza kuhara kwa karibu theluthi moja. Mnakumbuka wakati wa Ebola ya Kivu, mwaka 2018 hadi 2020, hakuna aliyevuka mpaka wa Goma na Gisenyi bila kunawa. Mwaka 2020 ikaja Korona, tukaweka kandagira ukarabe kila mlango. Leo katika uwanja ninaokaa bidoni lile limekauka, kamba imekatika, watoto wanalipiga teke kama mpira. Kuhara hakukuondoka pamoja na Korona. Tulirudishe. Bidoni la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyaga na kipande cha sabuni, na kazi imekwisha.

Maji. Ya bomba hayaji kila siku, kwa hiyo tunaweka akiba. Yaliyotoka safi bombani yanachafukia nyumbani. Bidoni lioshwe ndani kwa sabuni na changarawe, lifunikwe kizibo chake. Usitumbukize kikombe wala mkono, mimina. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja. Kwa walio milimani kupita meta 2,000 iwe dakika tatu. Makaa yakiwa ghali, tumia Sûr'Eau kama ilivyoandikwa kwenye chupa, ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Maji ya vuguvugu ya juzi si maji yaliyochemshwa.

Kinyesi cha mtoto. Wengi wanadhani cha mtoto hakina madhara. Kinayo, sawa na cha mtu mzima. Kitupwe chooni, si kwenye mfereji nyuma ya jiko.

Chakula. Kifunikwe, inzi wasitue. Kilicholala kipashwe moto mpaka kitoe mvuke wote, si juu juu. Na mtoto mchanga, kwa miezi sita ya kwanza, ziwa la mama linamtosha, hata maji hayahitaji. Akianza kuhara katika miezi hiyo, azidishiwe ziwa, na mhudumu wa afya atasema kiasi cha SRO.

NINALOWAOMBA

Msimu wa mvua uliopita, mama mmoja wa uwanja wetu, mgeni kutoka Kivu, alikuwa na mtoto anayehara. Nilirudi shuleni jioni nikamkuta mama yangu amekaa kizingitini pake, kikombe mkononi, anamnywesha mtoto wa watu kijiko baada ya kijiko. Yule mama alikuwa ameambiwa na mtu asimpe maji. Mama yangu hakubishana naye. Alikwenda kuchukua chupa ya lita na kijiko, akachanganya, akakaa pale mpaka giza likaingia, na asubuhi wakaenda wote kituoni. Mtoto yule yuko hapa, ndiye anayekimbia kimbia tangu nianze kusema. Mwacheni akimbie.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu, wala hayahitaji fedha za shirika lolote. Kila nyumba iwe na chupa ya lita moja na kijiko cha chai mahali panapojulikana. Kila uwanja uwe na maji na sabuni kando ya choo, na watu wapokezane kulijaza bidoni. Na kila mmoja wenu, kabla ya Jumapili, amfundishe mtu mmoja ambaye hakufika hapa: sukari sita, chumvi nusu, maji lita moja.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Mtoto akihara, usione haya kumwita jirani. Na jirani ukiitwa, nenda na chupa yako.

Mwakani tutakapokusanyika tena kuwakumbuka wafu wetu, ningependa tusiwe na mtoto mpya wa kuongeza katika wale wasiotajwa.